Jani Moja Usilitume

Majuzi, kwenye dirisha la vifurushi la ofisi moja ya mabasi hapa Arusha, nilisimama nyuma ya mama mmoja mtafiti. Buti zake zilikuwa na tope la Momela, na mkononi alishika nyasi. Babu wa Kimaasai aliyekuwa mbele yetu akageuka, akautazama ule mkono.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Umemkosea nani, mwanangu?”

Kwao, anayeomba msamaha huja na nyasi mkononi.

Mama akacheka kidogo. “Naishi peke yangu, babu. Sina hata wa kugombana naye.”

Akamweleza kwamba nyasi zinakwenda maabara. Ndani ya jani mna vinasaba, urithi ambao mmea hupokea kwa mzazi wake. Vikisomwa, vitaonyesha kama Momela na Olasiti zilikuwa mbuga moja kabla mashamba na nyumba hazijaingia katikati.

“Kumbe unatafuta ndugu waliopotezana.”

“Ndiyo, babu.”

“Ndugu wa nyasi.”

Babu akachomoa jani moja mkononi mwa mama, akamfumbatisha kiganjani. “Hili usilitume.”

Mama akalitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Mimi nina kaka anayeishi Kwa Mrombo, hapa hapa Arusha. Hatujasemezana tangu tumzike mama yetu, na chanzo chenyewe nimeshakisahau. Uani kwangu nyasi zimefika magotini. Jumamosi nilitoka, nikainama, nikang'oa jani moja, nikalishika kwa muda.

Kisha nikalitupa, nikaingia ndani kuchukua fyekeo, nikazifyeka zote.