Ndege Aliyekuwa na Mwenyewe

Kule Nyansiongo, kitu chochote chenye namba kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Hilo tulilijua tangu tulipohamia kutoka Suneka, miaka michache baada ya uhuru, serikali ilipokata mashamba ya wazungu vipande na kutugawia kwa mkopo. Shamba lilikuwa na namba. Ng'ombe wa gredi, wa damu ya kizungu, tuliyekopeshwa pamoja nalo alikuwa na hereni ya bati sikioni, na namba juu yake. Ukimchinja au kumuuza bila ofisa wa skimu, yaani mradi huo wa mashamba, kujua, watu walisema, unafungasha na kurudi ulikotoka. Mtu mmoja wa upande wa juu alirudi hivyo. Jina lake ninalo, na jina la ng'ombe wake pia, maana mimi majina hayanitoki. Lakini wajukuu wake wapo, kwa hiyo humu sitataja mtu.

Sisi hatukuwa na pa kurudi. Kule Suneka shamba la baba mkwe lilikuwa limegawanywa kwa ndugu wengi, hata mgomba wako ukianguka, ndizi zinaangukia kwa shemeji.

Basi kila mwaka, mvua za Machi zikikaribia, walikuja ndege wakubwa weupe, mabawa yao meusi nchani, mdomo mwekundu, miguu myekundu. Kwa Kiswahili ni korongo. Walitoka kusini, wakashuka malishoni kwetu, wakala panzi na viwavi siku chache, kisha wakapanda juu wakizunguka pamoja bila kupiga bawa, wakaenda zao kaskazini. Hatukuuliza habari zao. Sisi wenyewe tulikuwa wageni hapo.

Asubuhi moja nilimkuta mmoja amekufa kwenye seng'enge aliyoiacha mzungu, mpakani kwetu na kwa jirani. Bawa lilikuwa limenasa katikati ya nyaya. Nilipokuwa namnasua, jirani, mama mmoja aliyetoka Masimba, alisimama katika shamba lake na jembe begani.

"Leo kwenu mnakula kuku mkubwa!" akapaza sauti.

"Njoo na ugali wako!" nikamjibu, tukacheka. Halafu nikaona mguu. Juu ya goti palikuwa na kikuku cha chuma, kimebana vizuri, kimeandikwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Namba nilizisoma. Maneno hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kiingereza nilichokijua.

Nilimpeleka kwa mume wangu, alikuwa akikamua. Alitazama mguu wa ndege, akatazama sikio la ng'ombe, akaacha kukamua.

"Umemuua?"

"Nimemkuta."

"Nani amekuona?"

Hakusema maskini ndege. Nani amekuona. Nikamwambia ni jirani, akaushika ukingo wa ndoo kana kwamba ndoo ndiyo inataka kuanguka.

Mama mkwe alitoka nje aliposikia sauti zetu. Yeye alikuwa mwanamke wa zamani. Alivaa ebitinge, vile vikuku vya chuma vya mguuni ambavyo mke wa Mgusii alivishwa akiolewa, na hakuvivua mpaka mumewe alipokufa. Mahali pale kwenye mguu ngozi ilibaki nyororo, imepauka. Aliushika mguu wa ndege kwa mikono miwili.

"Huyu ni mke wa mtu," akasema.

"Mama, huyu ni wa serikali."

"Serikali inaoa?"

Mume wangu aliiacha ndoo. Alichukua koleo, akafungua kikuku, akamzika ndege nyuma ya migomba, akatandaza majani makavu juu ili pasionekane pamechimbwa. Kikuku alitaka kukitupa chooni. Mama mkwe alimtangulia, akakifunga katika pindo la leso yake, na hapo hakuna mtu aliyethubutu kutia mkono.

Haikupita wiki, gari likaja. Alikuwa yule Muhindi wa studio ya picha mjini Kisii, ndiye aliyempiga mume wangu picha ya kipande cha utambulisho. Alimwomba mume wangu ruhusa, akaketi kwenye kigoda ukingoni mwa malisho, akajifunika kitambaa cha rangi ya majani. Kamera yake ilikuwa na pua ndefu kama kopo la mafuta. Kamera ikipumzika, anashika darubini. Alikaa hapo tangu umande mpaka jua kali, akiwatazama korongo.

Jirani akaja mpakani. "Mtu huyu huuza picha," akasema. "Ndege watazinunua?"

"Labda anawapenda," nikasema.

"Hmm! Anatafuta mmoja. Angalia vizuri, anawatazama miguu."

Maneno hayo yaliingia kwa mume wangu kama maji katika paa bovu. Akaniita jikoni. "Mpelekee chai. Ukifika, tazama anachotazama."

Nilimpelekea. Yule bwana alishukuru sana, akanipa darubini. "Mama, hebu ona." Nikaona miguu. Miguu myekundu mingi, karibu kama naweza kuishika.

"Unawahesabu?" nikamuuliza.

"Kidogo. Lakini wengine wana pete mguuni. Nikiona mwenye pete, mama, nafurahi sana."

Nilirudi nyumbani mbio zaidi kuliko adabu inavyoruhusu. Mume wangu alisikiliza, akatikisa kichwa. "Anafurahi! Hata anayefuata nyayo za mwizi hufurahi akiziona. Ametumwa. Na wewe umempa chai."

"Wewe ndiye uliyenituma."

"Nilikutuma uone, sikukutuma uweke sukari."

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, akisikia yote. Akasimama, akaenda malishoni bila kutuaga. Tukamfuata. Alisimama mbele ya Muhindi, akasema kwa Kigusii, mimi nitafsiri.

"Muulize kama yeye ndiye mumewe."

"Mama, pengine tuanze na salamu..."

"Nimesema muulize."

Nikamuuliza. Muhindi akaweka kikombe chini. "Mume wa nani, mama?"

Mama mkwe akafungua pindo la leso, akamwonyesha kikuku kiganjani. Mume wangu hakungoja kutafsiriwa. "Alikufa mwenyewe," akasema kwa pumzi moja, "na seng'enge ni ya mzungu, na hatukumla!"

Muhindi hakukasirika. Alicheka kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia mume wangu hofu zaidi. Alitueleza polepole. Kuna watu Ulaya, huwavisha pete makinda ya korongo kiotoni, kisha hungoja miaka kusikia wamefika wapi. Akaomba aipeleke pete kwa posta, pamoja na habari ya mahali ilipookotwa.

"Utaandika namba ya shamba?" mume wangu akauliza.

"Mzee akipenda."

"Sipendi."

Nilimwambia mama mkwe yaliyosemwa. Akamgeukia mwanawe. "Mke wa mtu akifia ugenini, watu wake hupelekewa habari. Au unataka wakae mlangoni wakimngojea?"

"Watakuja kudai, mama. Tutatolewa hapa. Turudi Suneka tukalale wapi?"

"Wakija nitawaonyesha kaburi. Mtu aliyezikiwa maiti yake vizuri hadai shamba."

Hapo wakapatana nusu kwa nusu. Kikuku kiende, lakini paandikwe Nyansiongo peke yake, bila jina, bila namba. Muhindi akaandika kwenye bahasha ndogo, na mume wangu akanipa niisome. Nilifuata herufi kwa kidole mpaka mwisho. Ilikuwa Nyansiongo tu. Akaniambia niisome tena.

Mwaka uliofuata nyumba yetu iliishi kwa masikio. Gari likinguruma barabarani, mume wangu anaacha kula. Ofisa wa skimu alipokuja kukagua ng'ombe, mume wangu alikwenda kusimama mbele ya migomba, mikono nyuma, hakusogea.

"Kuna nini huko nyuma?" ofisa akamuuliza.

"Ndizi."

Ofisa akatazama ndizi, akaandika habari za ng'ombe, akaenda. Jirani naye akasambaza kwamba tumeficha kitu, maana hakuna mtu anayelinda ndizi mbichi.

Machi iliporudi, korongo wakarudi, na Muhindi akarudi. Alituletea picha kubwa ya malisho yetu, ndege wamejaa, na mama mkwe pembeni na leso yake. Akasema jibu lilikuja. Yule ndege alitotolewa juu ya paa la nyumba ya watu, kijijini, mbali sana kaskazini. Wamesema asante.

"Hawadai?" mume wangu akauliza.

"Hawadai."

"Mbona hawadai?"

Mama mkwe aliuliza swali moja tu. "Waliambiwa amezikwa?"

"Waliambiwa kwa barua, mama mzee."

"Basi," akasema, akaingia ndani kuitundika picha.

Mume wangu hakuamini. Aliomba darubini, akalala kifudifudi kwenye nyasi, akapitia miguu ya korongo mmoja mmoja mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake alianza kukunja ile seng'enge. Akaniambia wazi kwamba ndege mwingine wa mtu hatafia kwake, na mimi simsingizii huruma ambayo hakuitaja. Mahali pa waya tukapanda ua wa miti. Jirani akatoka mbio.

"Leo mnasogeza mpaka!"

"Pima kwa miguu yako!" mume wangu akamwambia. Akapima, kila mti, na bado hakuridhika.

Hakuna aliyetutoa. Mume wangu amezikwa hapo hapo, karibu na migomba. Mpaka uzee wake, kila Machi alitoka na fimbo, akawatazama korongo miguuni. "Hawana kitu," anasema, ndipo anakula. Siku hizi wanaokuja ni wachache. Wakishuka natoka mimi, nasogea polepole hadi macho yangu yafike kwenye magoti yao. Hawana kitu. Naingia ndani, naweka chai.