Uzi Mweusi wa Nyanya

Majuzi, baridi ilipoingia Riyadh, madam alinirushia blanketi la sufu ambalo dada yake alilinunua dukani Jeddah. "Shufi, tazama, hii ya Kenya, ya kwenu!" akacheka. "Yalla, haraka, watandikie watoto." Nililikunjua pale pale sebuleni, kwenye nyumba yao ya Al-Suwaidi. Kwenye pembe palikuwa na mshono mweusi, mfupi kama kidole cha mtoto.

Mshono ule naujua, rafiki yangu. Nimelelewa chini yake.

Kwetu milimani asubuhi zilinukia mafuta ya kondoo na uji wa wimbi. Nyanya alifua manyoya mtoni, nasi wajukuu tukayatoa miiba huku akitutania, "Chambueni vizuri, kikulacho ki nguoni mwako." Kila blanketi alilofuma alilitia uzi mweusi pembe moja tu, upande wa miguu, ili kilichofunika nyayo kisipande usoni. Ole wako ulaze kichwa upande huo!

Wanawake wa mji wetu walijifunza kusokota ghalani kwetu, kwa mikono yake. Tajiri alipokuja kujenga kiwanda aliwakuta tayari, akamwahidi Nyanya kwamba ndiye atakayewasimamia. Nyanya akashona hata gauni jipya la kazi.

Kumbe tajiri alihitaji blanketi la kuwaonyesha mafundi wa mashine, na Nyanya alishakataa kulitoa. Baba yangu, mwanawe wa pekee, alilichukua kitandani kwa mamake, mama akiwa mtoni, akampelekea tajiri. Akapewa yeye usimamizi. Siku ya kufungua kiwanda, Nyanya alifika langoni na gauni lake. Bawabu akamwambia, "Shosho, jina lako halimo." Baba alikuwa uani mwa kiwanda. Alimwona, akageuka.

Cheo hicho ndicho kilichonisomesha, na bado sijamsamehe. Nyanya hakulalamika. Ile methali ya kikulacho tu ndiyo hakuitamka tena hadi tulipomzika. Ghala lilibomolewa, na siku hizi hakuna anayefua manyoya mtoni.

Nililipeleka blanketi la madam chumbani kwa watoto, nikaligeuza. Mshono ulikuwepo pembe ya pili, ya tatu, na ya nne pia. Watu wa kiwanda waliiba alama bila kujua kazi yake, na Baba, aliyelala chini yake tangu azaliwe, hakuwaambia.

"Yalla!" madam aliita tena. Nami nilikuwa bado nimesimama kando ya kitanda cha mtoto, nimelishika blanketi la Nyanya, nisijue upande wa miguu ni upi.