Majina Ndani ya Kompyuta ya Chogo

Wenzangu mliokulia migombani, kompyuta ya kwanza mliigusa wapi? Kwetu Kirua ilifika Krismasi, nyuma ya gari la baba mdogo, imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Ofisini kwao Dar walishaichoka. Kioo chake cha chogo, kile chenye kisogo kirefu nyuma, kilijaza meza nzima, na ikiwashwa ilinguruma hata mbuzi bandani wakanyamaza. Mae! Watoto wa majirani walibanana dirishani wakinusa plastiki ya moto, nasi tukajiona watu wa maana sana.

Raha haikudumu. Baba aliona tunacheza karata tu humo ndani. Tukiwa tunakunywa mtori akatamka, "Hili dude linakula umeme, na hamjui hata lina nini. Kuna mtu Moshi ananipa ndama. Kesho analichukua."

Dada Anna aliweka kijiko chini. Alikuwa anasoma kompyuta mjini, kwenye chuo ambako wanafunzi waligombania mashine moja, na mtihani ulikuwa mlangoni. Bila hii ya nyumbani angefeli, alijua. "Baba, nipe mpaka jioni," akasema. "Nitaiuliza yenyewe ina nini."

Tulicheka sana. Kuiuliza! Lakini alishinda pale akiandika mistari ya Kiingereza cha ajabu kwenye ukurasa mtupu, anafuta, anaandika tena. Alitueleza kwamba kila programu ikiingizwa huandikishwa mahali fulani mle ndani, kama sisi parokiani tukibatizwa. Yeye alikuwa anaiamuru mashine ikayasome majina yote. Jioni akamwita Baba, akabofya mara moja.

Yesu na Maria! Majina yakaanza kushuka kwenye kioo bila mtu kugusa kitu. Programu ya kuchora, ya mahesabu, ya kufundisha kuchapa, ya ramani za dunia. Yote hayo yalikuwa yamelala mle, sisi tunacheza karata! Baba akavuta kigoda, akawa anaonyesha jina kwa kidole na Anna anafungua. Wakafika kwenye moja, likagoma.

"Na huyu?"

"Huyo aliondolewa zamani, Baba. Limebaki jina."

Mama alikuwa mlangoni na sahani. Kila Krismasi akigawa chakula alituita kwa majina, na kila mwaka alimwita na Deo, kaka yetu aliyefukiwa na kifusi machimboni. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Baba aliinuka, macho yamemlowa.

"Ndama abaki kwao," akasema. "Anna, soma."

Na akafaulu, aisee!

Siku hizi wanangu wana simu zilizojaa programu wasizozijua, wanazifuta kwa kidole huku wanatafuna chipsi. Nikiwasimulia siku ile wananiambia, "Mama, si ungegusa tu settings?" Haya. Mimi nawaonea huruma, hawajawahi kushangaa hivyo.

Desemba tunapanda tena Kirua. Mashine ilishakufa, na Mama tumemzika kihambani, chini ya migomba yake. Sahani nagawa mimi. Naita Mama, naita Deo, naita Anna. Anna anaitika, na watoto wanaweka simu chini.