Mwiba wa Kayaba

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, mkono wangu unatafuta kitu cha kuzungusha.

Asubuhi moja nikiwa mtoto, baridi ya Eldoret ilikuwa imegandisha grisi ndani ya gramafoni yetu, na mwimbaji alivuta sauti kama fahali mgonjwa. Mama alilifungua sanduku lake, akalipasha joto karibu na moto, akadondosha mafuta ya cherehani kwenye springi. Sindano ya kusomea santuri nayo ilikuwa imeisha makali. Akachonga mwiba aliouvunja kwenye ua wa kayaba wa Bwana mwenye shamba, akauchomeka mahali pake. Nikazungusha handeli. Wimbo ukatoka safi.

Nyapara akafika mlangoni.

"Mama, Bwana anasema mzime hiyo kelele. Mkikataa, mtahama shamba lake."

Mama aliurudisha ule mwiba mwanzo wa santuri. Kisha akaibeba gramafoni nje, akaiweka juu ya debe, mdomo wa kutolea sauti ukielekea nyumba ya Bwana.

"Mwambie nimeitengeneza. Sasa atasikia maneno ya wimbo vizuri."

Akanigeukia. "Zungusha mpaka ikatae."

Nikazungusha, huku nimemkazia nyapara macho.