Jua Lenye Mlango

Tarehe tatu Mei mwaka jana nilimpoteza mke wangu, Mwalimu Kemunto. Kwa miaka mingi yeye alitunga hadithi za darasa la kwanza, nami nikazichora. Ya mwisho aliiacha kwenye daftari, haijachorwa. Daftari hilo ndilo lililonipeleka kwenye kongamano nitakalowasimulia, lakini hamtaelewa nilichofanya huko msipojua kwanza kazi yangu ilivyokuwa.

Nilianzia Ogembo, kwenye kituo cha walimu, mahali ambapo walimu wa shule za karibu walikuja kutengenezewa vifaa vya kufundishia. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na mkono mzuri. Nikaajiriwa kukata stensili. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, unaifunga kwenye silinda ya mashine ya kudurufu, na wino unapita pale tu nta ilipotoka. Siku ya kwanza nilichora jua, duara safi kabisa. Mashine ilipozungushwa, kipande cha katikati kikadondoka, na kila nakala ikatoka na doa jeusi.

Mkuu wa kituo aliinua nakala moja, akaigeuza huku na huku.

"Kijana, umetupikia chapati ikaungua," akasema. "Kila duara liwe na mlango. Acha nafasi kidogo, karatasi ishikane."

Tangu siku hiyo maduara yangu yote yalikuwa na mlango: jua, gurudumu, jicho la kuku. Ukikosea mstari, ulipaka dawa nyekundu, ukaipuliza mpaka ikauke, ukakwaruza upya. Baadaye nilihamishiwa Nyamira chini ya Mkaguzi wa Shule, mtu aliyepitisha kidole juu ya kila nakala kuona kama wino unachafua. Kisha nikapelekwa Manga chini ya Mratibu wa Masomo, ambaye hakuwahi kunikemea wala kunisifu. Manga ndiko nilikokutana na Kemunto. Alileta hadithi ndefu, nikamwambia kuku wake anaongea mengi kuliko karatasi tuliyo nayo. Alinuna siku mbili, kisha akapunguza maneno. Mwaka uliofuata tukaoana. Vijitabu vyetu tulivibana kwa pini, havikuwa na majina yetu, vikagawiwa shuleni. Mwishowe mashine ikawekwa stoo, nami nikastaafu.

Tangazo la kongamano lilisomwa kanisani Sabato moja: waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto wa kanda nzima wangekutana siku mbili mjini Kisii. Nilienda na daftari, nikitafuta wa kuichora hadithi ile, lakini bila kuwaamini. Mlangoni walitaka sahihi, namba ya simu na picha yangu. Nikawapa sahihi tu. Ndani, kila mtu alikuwa akipiga picha kazi ya mwenzake. Mhariri mmoja kutoka Nairobi, mama mwenye sauti ya upole, aliliona daftari akaomba kupiga picha kurasa mbili. Nilimwambia macho yanatosha, kisha hata macho nikamnyima. Wakati wa chai nililikalia. Hadithi ya marehemu haina wa kuitetea. Ikichukuliwa, ni mimi peke yangu nitakayejua.

Siku ya pili wachoraji walibandika kazi zao ukutani ili zijadiliwe. Picha ya tatu ilinisimamisha. Kuku na vifaranga, na juu yao jua. Jua lile lilikuwa na mlango, chini upande wa kushoto, palepale nilipozoea kuuacha mimi. Jicho la kuku nalo halikufungwa. Siku hizi watu huchora kwa kompyuta, nayo haina nta. Mchoraji wa leo hana sababu ya kuacha nafasi ile.

Sikumtafuta mwenye picha nimuulize. Nilienda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kongamano, nikamwambia kuku huyo ni wetu na ameibwa. Aliona aibu kubishana na mzee. Akaibandua picha watu wote wakitazama, akamwita aliyeichora, binti kutoka Nyamira aitwaye Kwamboka.

"Tata," akaniita, kama tunavyomwita baba huku kwetu, "mimi sijaiba kitu."

"Mbona jua lako lina mlango?"

"Lina nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akasogea karibu kupatazama.

"Si ndivyo jua linavyochorwa?" akasema. "Darasa la kwanza kule Manga tulikuwa na kijitabu kimoja, watoto sita. Nilijifunza kuchora kwa kukiiga mchangani. Nilidhani hapo ndipo joto hutokea."

"Na jicho?"

"Ukilifunga lote, kuku ataonaje?"

Mwenyekiti alicheka. Mimi sikuweza. Niliichukua picha, nikaitazama sasa kwa haki. Kuku wake alikuwa amepanda juu ya pipa la maji, na hadithi yenyewe ilikuwa ya mvua. Hakuwa kuku wetu. Milango tu ndiyo iliyokuwa yangu, na hata hiyo nilipewa na mtu mwingine.

Mwenyekiti akasema yameisha, mzee, tusiwasumbue watu. Nikamjibu kwamba picha iliondolewa mbele ya watu, na mbele yao itarudi. Baada ya chakula alinipa kipaza sauti. Nilitaja jina langu, nikasema nimemwita binti huyu mwizi na yeye si mwizi, nikaketi. Kwamboka aliibandika picha mwenyewe. Sikuthubutu kumsaidia.

Vijana mnaoingia kazi hii, mimi nilidhani kazi yetu iliishia stoo pamoja na mashine. Kumbe ilikuwa mikononi mwa watu, na siku nilipoiona nikaiita wizi. Hilo sijajisamehe.

Kabla kongamano halijafungwa nilimpa Kwamboka daftari asome. Si kwamba shaka ilikuwa imeniisha. Nilikaa karibu naye, nikitazama mikono yake. Alisoma mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza, akaniuliza kuku wa Mwalimu alikuwa wa rangi gani.

Sikujua. Wino wetu ulikuwa mmoja, na kila kuku alikuwa mweusi. Lakini hadithi ile Kemunto aliitoa utotoni kwao, kwa hiyo nikampigia simu dada yake, anayechuma majani chai karibu na Itumbe. Nikamsomea mistari ya kwanza.

"Huyo kuku, shemeji?" Alicheka. "Alikuwa mwekundu. Shingoni hakuwa na manyoya."

Nikayarudia kwa sauti, na Kwamboka akayaandika kwenye karatasi yake ya kuchorea.