Tulipotenganishwa na Kasokola

Siku niliyoandikwa kazi, Msimamizi wa Viwanja hakunionyesha uwanja. Alinipa mpira uliofumuka, sindano nene na donge la nta, akaniambia nikae mlangoni mwa stoo niushone. Alikuwa Mnyamwezi aliyetoka jeshini na cheo cha sajini, na hata uzeeni alisimama kama mtu anayengojea kukaguliwa.

"Umewahi kushona?" aliniuliza.

"Nimeshona magunia, mzee."

Alitazama kazi yangu, akaifumua yote kwa kisu. "Gunia halipigwi teke," alisema. "Anza upya."

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, na kazi ile niliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, reli ya Mpanda ikiwa bado mpya. Karibu na mgodi wa risasi palikuwa na chuo cha mafundi, wakifundishwa useremala, uashi na mitambo. Mimi nikawa mtunza uwanja wa chuo hicho.

Nyie vijana mnaona mpira unaotoka dukani ukiwa tayari. Wakati wetu mpira ulikuwa vipande vya ngozi, na ndani yake kibofu cha mpira laini chenye mdomo kama wa chupa. Unapuliza kwa pampu, unaufunga mdomo kwa uzi, unauzamisha ndani, halafu unakaza tundu kwa kamba ya ngozi kama unavyofunga kiatu. Fundo lazima liingie chini. Likibaki juu, mchezaji akipiga kichwa anatoka damu. Nta tuliipaka kwenye mishono maji yasiingie, maana mpira ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mistari ya uwanja niliichora kwa majivu kutoka jikoni. Milingoti ya magoli ilikuwa ya mninga, kwa sababu mchwa wanauacha.

Hayo yote nilifundishwa na Msimamizi, na sikuona ugumu. Ugumu ulikuwa siku ya Kasokola.

Kasokola palikuwa na chuo cha walimu cha misheni. Kila mwaka tulicheza nao mara mbili, mara moja kwao na mara moja kwetu. Mji wetu haukuwa na timu yake, kwa hiyo watu wa Majengo, mtaa wetu, walikichukua chuo cha mafundi wakakifanya chao, ingawa wengi hawakuwahi kuingia darasani mle. Wakulima wa Kasokola nao walikifanya chao kile chuo cha walimu. Siku ya mchezo walikuja kwa miguu asubuhi, wanaume kwa wanawake, na walianza kututukana kabla hatujawaona.

Aliyewaongoza alikuwa Benedikto, mlina asali. Wa kwetu alikuwa mdogo wangu Paulo, kuli wa stesheni, mwenye sauti ya kusikika mpaka mgodini.

"Nyie Majengo!" Benedikto aliita mwaka mmoja. "Mbona uwanja umefagiliwa hivi? Mmetutandikia tulale tukishawapiga?"

"Lala tu," Paulo alijibu. "Nyuki wamekuuma uso mpaka mkeo anakutambua kwa sauti."

"Na wewe kuli umebeba magunia mpaka shingo imezama. Siku ukifa tutakosa pa kukufunga tai!"

Watu walianguka wakicheka. Huo ulikuwa utani, na utani wetu haukuletwa na kabila, maana pande zote mbili zilikuwa na Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa. Uliletwa na mpira. Baada ya mchezo wageni walilala kwenye nyumba zetu, wakala chakula chetu na kukisema vibaya.

Lakini utani una kazi yake, na kazi hiyo ni msiba. Baba yetu alipofariki, Benedikto na wenzake walifika alfajiri. Hakusalimia mtu. Alichukua jembe letu ukutani, akaenda kuchimba. Kaburi lilipokwisha alilala ndani yake, akasema ni pazuri, yeye hatoki, mzee atafutiwe pengine. Kisha akamdai mama kuku, akimwambia marehemu alikuwa bahili na sasa hawezi tena kuwaficha. Mama alicheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alicheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomwezesha kula jioni ile.

Basi, miaka kadhaa baadaye akaja Bwana Michezo wa Jimbo, kutoka Tabora. Alikuwa kijana Mzungu mwenye adabu, na sitamsingizia ubaya. Kikao kilikuwa katika bwalo la chuo, nami nilikuwepo kwa sababu ya kupanga mabenchi. Alibandika ramani ukutani akaeleza kwamba mashindano ya vyuo yanapangwa upya. Vyuo vilivyo kwenye reli vitacheza vyenyewe kwa vyenyewe. Vilivyo kwenye barabara ya kwenda Sumbawanga vitakuwa kundi lao.

Mkuu wa Chuo aliuliza, "Na Kasokola?"

"Kasokola hakuna stesheni. Watakwenda kundi la kusini."

Msimamizi wangu alisimama wima. "Bwana, Kasokola watu wanakuja kwa miguu."

"Ndiyo sababu," alijibu yule kijana. "Timu haiwezi kukua kwa kucheza na watu wanaokuja kwa miguu."

Msimamizi alikaa. Tulipotoka nje aliniambia, "Amehesabu wachezaji. Hakuhesabu watu."

Niseme ukweli wote. Majengo tulifurahi. Tuliona tumepandishwa cheo, tutacheza na Tabora, na wakulima wa Kasokola tumewaacha nyuma na mahindi yao. Katika mchezo wa mwisho Paulo alipanda juu ya ngazi yangu, ile ya kufungia nyavu, akapaza sauti:

"Benedikto! Tuangalieni vizuri leo. Kuanzia mwakani mtatuona kwa moshi wa treni!"

Sisi tulicheka. Kasokola hawakucheka. Benedikto akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na mkifungwa huko Tabora, mtani, nani atawacheka?"

Paulo akashuka kwenye ngazi. Jioni ile wageni hawakulala kwetu. Walisema wana kazi shambani asubuhi, wakaondoka jua likiwa bado juu.

Msimu wa kwanza wa kundi la reli uwanja ulijaa. Timu ya wageni ilishuka kwenye treni, wachezaji na mwalimu wao, pamoja na watu wachache waliovaa vizuri. Walikuwa wastaarabu. Walicheza vizuri kuliko timu yoyote niliyowahi kuichorea mistari. Lakini hatukujua namna ya kuwatukana. Paulo alijaribu, akamwita golikipa wao mlango wa kanisa, unaopitisha kila mtu. Yule golikipa akageuka kututazama, kama mtu aliyeitwa na asiyemfahamu. Baada ya hapo watu walitazama mpira kimya. Filimbi ya mwisho ilipolia wageni walirudi stesheni, na kina mama waliokuwa wamepika walirudi na vyungu vyao.

Michezo mingine, msimu ule na iliyofuata, ilikuwa ya huko mbali. Nauli ilikuwa kubwa kwa watu kama sisi. Walikwenda wachezaji, na sisi tuliobaki tulikusanyika stesheni mbele ya dirisha la karani wa simu, tukingojea atuambie matokeo. Alikuwa akiyasoma kama anavyosoma idadi ya mabehewa.

"Huku ndiko kushangilia?" Paulo aliniambia. "Tunamshangilia karani?"

"Ndivyo walivyopanga," nilimjibu.

"Basi mimi nitakwenda."

"Utakwenda na nini?"

"Kaka, mimi ndiye ninayepakia hiyo treni."

Nilidhani ni maneno. Siku timu ilipokwenda kucheza mchezo wa mwisho wa kundi, alipanda juu ya behewa la magogo bila kuonekana na mtu yeyote wa reli, akajilaza kati ya magogo ya mninga. Mvua ilinyesha njiani. Upande huu wa mto Ugalla aliteleza, akaanguka relini. Wachezaji walikuwa kwenye behewa la mbele na hawakujua kwamba alikuwa pamoja nao. Waliendelea mpaka Tabora, wakacheza, wakashinda.

Gengi la reli, wale wanaotembea wakikagua njia, ndilo lililomkuta. Walimrudisha kwa treni ileile iliyorudisha timu. Tulikuwa tumekwisha kupata habari kwa karani wa simu, ambaye safari hii alitoka nje ya chumba chake ili atuambie. Wachezaji walishuka bila kuimba. Kapteni alikuwa amekificha kikombe ndani ya koti, na mshikio wake ulionekana.

Tulimpeleka nyumbani. Mtu wa baiskeli alikuwa ameshakwenda Kasokola tangu asubuhi. Majirani walitaka kuanza kuchimba, maana mwili haukuweza kungoja. Mama aliwazuia. Alitoa jembe mwenyewe, akaliegemeza ukutani karibu na mlango.

"Acheni," alisema. "Wenye kazi yao wanakuja."

Nilijua anangoja nini. Baba alizikwa na watani na mama akaweza kusimama. Sasa ni mwanawe wa mwisho, na alitaka hivyohivyo, matusi na vicheko, mtu wa kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka. Tulikaa. Jua lilipita utosini. Katekista alinitazama mara kwa mara na mimi nikawa natazama njia.

Walikuja mchana, Benedikto na wazee watatu. Walikuwa wamevaa mashati safi. Mbele ya uwanja wa nyumba walivua kofia. Walisalimia kila mtu, mmoja baada ya mwingine, wakatupa pole kwa maneno mazuri, kisha wakaenda kukaa kwenye benchi la wageni. Jembe lilikuwa palepale karibu nao.

Baada ya muda Benedikto aliinuka akanijia. Aliongea taratibu. "Ndugu yetu, tunaomba ruhusa tushike jembe."

Mama alisikia kutoka ndani. "Anaomba nini?"

Alitoka akasimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango. "Benedikto, tangu lini unaomba ruhusa katika nyumba hii?"

"Mama, ni muda mrefu hatujaonana."

"Mwanangu yuko humu. Mtukane."

"Mama." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Nimtukane kwa lipi? Sijui siku hizi alikuwaje. Sijui kama alinenepa au alikonda, kama alioa, kama alikuwa na deni la pombe kwa mtu. Maneno yangu yote juu yake ni ya zamani."

"Sema hayo ya zamani."

Aliingia ndani akasimama karibu na mwili. Sisi tulibaki mlangoni. Alianza vizuri, kwa ile sauti yake ya uwanjani: "Wewe kuli! Wewe Paulo, mwenye shingo..." Hapo akakwama, kwa sababu mwili ulikuwa umefunikwa wote na kila mtu alijua kwa nini haukufunuliwa. Aliweka mkono usoni. Akalia.

Mimi nimehudhuria misiba mingi na sikuwahi kuona mtani akilia. Mtani ndiye anayewashika nyie mnaolia. Mama alimtazama, akageukia ukuta, akakaa chini. Ndipo majirani walipochukua jembe, na wale wa Kasokola wakasaidia kama wageni wanavyosaidia, wakipokezana na kushukuru. Kaburi lilichimbwa vizuri. Hakuna aliyelala ndani yake.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Alipika, alilima, alikwenda kanisani. Kucheka sikumsikia tena.

Kazi niliendelea nayo. Msimamizi alistaafu na mimi nikapewa funguo za stoo. Mgodi ulipofungwa chuo nacho kilikwisha, nikahamishiwa uwanja wa mji, nikachora mistari kwa chokaa ya kweli mpaka mgongo uliponikataza. Niliagwa kwa soda na maneno machache, na sikuona kwamba nilistahili zaidi.

Nimefikiri sana juu ya kupangwa upya kwa mashindano yale, na bado siwezi kusema yule kijana wa Tabora alikuwa mjinga. Wachezaji wetu walipata faida. Wawili waliajiriwa reli kwa sababu walionekana wakicheza. Mpira wenyewe ulikuwa bora. Kama mngeniuliza mimi mtunza uwanja, mchezo ulipanda. Na Paulo hakuuawa na mtu, alipanda mwenyewe juu ya magogo. Lakini hakuna siku aliyopanda juu ya kitu chochote kwenda Kasokola. Alikwenda kwa miguu yake, akapigwa matusi, akalishwa, akarudi.

Siku hizi naona vijana wa mtaa wa Misunkumilo, hapa mjini, wakigombana kwa ajili ya timu za Dar es Salaam wanazozisikia redioni. Wanajua majina yote ya wachezaji. Siwalaumu. Ila timu zile hazitajua wamefiwa.

Benedikto naye alifariki. Niliambiwa sokoni, na mtu aliyekuwa akiniuzia asali, wakati matanga yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Hakukuwa na chuki. Hakuna tu aliyekumbuka kutuma mtu Majengo. Nilikwenda hata hivyo, nikasimama penye kaburi lake na watoto wake wakiniangalia, na nilitaka kumwita mlafi wa asali, au mwenye uso wa mzinga. Sikuweza. Watoto wangedhani ninamtukana baba yao.

Kwa hiyo najua nitakavyozikwa. Watachimba vijana wa mtaa, wakiongozwa na mjumbe. Ni watu wema, na wataomba ruhusa.