Jicho Langu na Bakuli la Dheere

Nilipokuwa mtoto pale Hadado, niliamini kwamba nilikuwa namuua Mchina kwa kumtazama akila.

Alikuwa mmoja wa mafundi wa barabara. Kwa urefu wake watu walimpa jina la Dheere, yaani Mrefu, maana kwetu Wasomali mtu haachwi na jina lake tu. Kila adhuhuri, tukitoka madrasa, tulimkuta chini ya turubai kando ya tingatinga, anakula tambi kwa vijiti viwili. Tambi tulizijua. Za kwetu zililiwa kwa mkono, na nyama ya mbuzi na ndizi juu yake. Hizi zilikuwa nyingine: zilielea katika mchuzi mwekundu, zikatoa harufu ambayo sikuwa na jina lake. Wenzangu walivicheka vijiti, wakaenda zao. Mimi nilibaki, mate yamenijaa kinywani.

Ayeyo, bibi yangu mzaa baba, alikuwa amenionya. Sufuria ya wageni hatujui imepika nyama gani, kwa hiyo kula ni haramu. Na kutamani bila kula ni kubaya zaidi. Tamaa ikikosa njia ya kuingia tumboni mwako, alisema, hutokea jichoni ikaingia tumboni mwa anayekula.

Hata hivyo nikaendelea kumtazama.

Adhuhuri moja hapakuwa na bakuli. Dheere alikuwa amelala kitandani pale chini ya turubai, anatetemeka, amefunikwa blanketi katika joto lile la Wajir. Binamu yangu Abdi akanigeukia.

"Fisi wewe," akasema. "Umemla mtu mzima."

Nilikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa akimlisha mdogo wangu uji, nami nikajifunika uso mzima kwa mtandio, nisije nikamtazama naye akafa. Ayeyo akaniona, nikamwambia Dheere anaumwa. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Ulitamani?"

"Nilitamani, Ayeyo."

Dawa ya jicho inajulikana: maji husomewa Kurani, aliyetamani akayatemea mate, aliyepatwa akayanywa. Ayeyo alisoma. Nilipotakiwa kutema, kinywa kilikuwa kikavu kwa hofu, nikasugua ulimi kwenye meno mpaka nikapata tone. Kisha akanishika mkono, tukatoka na kikombe.

Njia nzima niliwaza neno moja: akikataa? Mtu mzima, tena wa nchi ya mbali, atakunywaje mate ya mtoto? Akikataa atakufa, na muuaji nitakuwa mimi.

Msimamizi wao alikuwa kijana aliyetoka Kenya, kama tulivyozoea kusema, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Alituambia turudi, mgonjwa ameshachomwa sindano ya malaria. Ayeyo akatoa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mimi hapana kataa sindano. Sindano ni ya homa. Hii maji ni ya jicho ya huyu mtoto. Ambia yeye ukweli, mate iko ndani."

Kijana akaeleza kwa mikono: akaonyesha macho yangu, bakuli, tumbo la mgonjwa, kisha akaigiza kutema. Dheere alinitazama. Nikajificha nyuma ya Ayeyo. Halafu mgonjwa akajiinua kwa kiwiko, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

Alipona. Abdi alisema ni sindano, na Ayeyo hakubishana naye. Baadaye Dheere alikuja kwetu na tambi kavu na pilipili yake. Ayeyo akampa sufuria yetu na nyama yetu apikie. Ndipo nikaonja. Zilikuwa kali, zikanitoa machozi, nikaomba tena.

Leo naishi Garissa, na tambi kama zile ziko katika kila duka. Wanafunzi wenzangu wa chuo waliwahi kuniuliza kama naamini jicho. Najua tu kwamba mtu mgonjwa, asiyeelewa hata neno letu moja, aliiona hofu ya mtoto ndani ya kikombe, akainywa.